Kukaza mwili kwa dumu la maji

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wadada wa mtaani na wa kwenye simu ni hili, dada mimi nakimbia, natoka jasho mpaka nguo inalowa, mbona mikono bado inaning'inia, mbona tumbo limelegea, mbona mapaja yana nyama uzembe vile vile? Na wanaouliza sio wavivu jamani, wengine wanaamka saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi na Jumapili unawakuta hapa Dar kwenye Daraja la Tanzanite au kule ufukwe wa Coco na fulana zao za klabu ya joging wanaimba mchakamchaka kama tulivyokuwa shule ya msingi, raha tupu, na mimi nazipenda sana hizo klabu kwa sababu zimewatoa watu wengi kitandani. Mbio zina kazi yake, zinajenga moyo, zinajenga pumzi, zinasaidia presha na usingizi. Lakini kukaza mwili ni kazi ya misuli, na misuli ya mkono haiwezi kukua kwa sababu miguu imekimbia.

Tuanze na hili la jasho maana ndipo watu wengi wanapopotezwa. Jasho ni mwili unajipooza, basi. Ukikaa kwenye daladala saa nane mchana mwezi wa pili hapa Dar unatoka jasho kuliko mtu anayefanya mazoezi Njombe mwezi wa saba, sasa hapo nani kafanya kazi? Ndio maana roho inaniuma nikiona mtu kajifunga nailoni tumboni chini ya fulana anakimbia juani, eti mafuta yanayeyuka. Hakuna kinachoyeyuka pale, ni maji yanatoka, ukifika nyumbani ukanywa glasi mbili tatu yamerudi, na katikati unaweza kuzimia kwa joto. Mikanda ya kubana tumbo nayo inabana tu, ukiivua tumbo linarudi pale pale. Chai za kupunguza tumbo zenyewe nyingi zina sanamaki ndani, dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu waliijua zamani, unashinda chooni, mzani unashuka kwa sababu ya maji na choo, mafuta yako yapo palepale hayajaguswa.

Na kingine, hakuna zoezi la kuondoa mafuta sehemu moja. Mwaka 1971 watafiti kule Marekani walipima mikono ya wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja umepiga mpira miaka na miaka na mwingine unasubiri tu, na wakakuta mafuta chini ya ngozi hayana tofauti ya maana kati ya mkono unaofanya kazi na usiofanya. Misuli ya ule mkono wa kupigia ndiyo iliyokuwa mikubwa. Kwa hiyo ukipiga sit-apu mia kila siku utakuwa na misuli imara ya tumbo chini ya kitambi kile kile. Mafuta yanapungua mwili mzima, kwa chakula na kwa kuutumia mwili, na kila mtu ana sehemu yake ambayo inachelewa, wengine tumbo, wengine mapaja, hilo ni la kuzaliwa nalo na halina dawa ya kupaka.

Sasa misuli inataka nini? Inataka kudaiwa kitu ambacho haijakizoea, halafu ipewe chakula na usingizi, halafu idaiwe tena zaidi kidogo. Hilo "zaidi kidogo" ndilo watu wengi wanaliruka. Unakuta mtu ananyanyua vidambeli vya kilo mbili vya rangi ya pinki tangu mwaka juzi, seti zile zile, yaani mizunguko ile ile ya kurudia kabla ya kupumzika, idadi ile ile, na analalamika mwili haubadiliki, sasa ubadilike kwa nini wakati kazi unayoupa umeshaizoea siku nyingi?

Hii habari sio mpya wala haikuanzia Instagram. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Thomas DeLorme, alikuwa hospitali ya jeshi kule Chicago, wodi zimejaa askari wenye magoti yaliyoumia na mapaja yaliyosinyaa. Matibabu ya wakati ule yalikuwa mazoezi mepesi mepesi ya kurudia rudia, na watu walikaa wodini muda mrefu. Yeye ujanani aliwahi kulazwa kitandani kwa homa iliyoshika moyo na alijirudisha kwa kunyanyua vyuma, akasema ngoja niwape hawa askari uzito wa kweli, na niwe naupandisha kila wanavyopata nguvu. Wakapona haraka kuliko ilivyozoeleka. Akaandika mwaka 1945, halafu 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins wakaja na utaratibu wa seti tatu za kumi kumi, ya kwanza kwa nusu ya uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi tu, ya pili robo tatu yake, ya tatu uzito huo kamili. Kila jimu ukienda mwalimu atakwambia seti tatu za kumi, asili yake ni majeruhi wale. Kama ilimfaa mtu mwenye goti la vita itakufaa na wewe mwenye mgongo wa kukaa dukani kutwa.

Najua mtakachosema, jimu ni hela. Ni kweli, na sio lazima. Vijana wa Temeke na Manzese wanamwaga zege kwenye makopo ya rangi wanachomeka bomba la chuma katikati, wanapata vyuma vyao na miili yao mnaiona. Mimi kwa wadada wanaofanyia nyumbani nawaambia dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu imekwisha hapo hapo. Dumu la lita 5 ni kilo 5, la lita 10 ni kilo 10, na uzuri wake unaweza kupanda taratibu sana, unachukua chupa ya nusu lita unamimina ndani, umeongeza nusu kilo, jimu nyingi hazina hata chuma kidogo namna hiyo. Likijaa na bado unaliona jepesi, mwaga maji weka mchanga mkavu, lile la lita 5 linafika karibu kilo 8. Begi la shule la mtoto nalo linafaa, weka mifuko ya unga au mchele, vaa mgongoni au likumbatie kifuani.

Na hapa kuna ule woga wa kwamba nikibeba uzito nitakuwa na mwili wa kiume. Jamani. Wengi wetu tumebeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka bombani au kisimani tangu tuko darasa la nne, kilo 20 hizo, na chombo chenyewe juu, mara nyingi mtoto yuko mgongoni na kanga, mbona hatukuota mabega ya baunsa? Mwanaume ana homoni ya testosteroni zaidi ya mara kumi ya mwanamke, na hata wanaume wenye miili mikubwa mnaowaona wamekula na kubeba vyuma miaka mingi kwa makusudi. Mwanamke akibeba uzito anapata mkono uliokaza, makalio yaliyonyanyuka, mgongo ulionyooka na mifupa migumu. Mifupa imesahauliwa kabisa na watu, wakati baada ya hedhi kukoma ndiyo inayodhoofika haraka, na bibi anayeteleza bafuni akavunjika nyonga wengi tunamjua, kila ukoo una mmoja.

Haya, mazoezi yenyewe. Nafundisha mambo matano tu na sioni haja ya zaidi kwa mtu anayeanza.

La kwanza ni kuchuchumaa, hiyo skwati. Sisi tuna bahati, choo cha kuchuchumaa, jiko la mkaa, beseni la kufulia, mwili unaujua huo mkao tangu utotoni, ila kama umeshazoea kiti na goti linagoma anza na stuli au ukingo wa kitanda, kaa, simama, kaa, simama, bila kujitupa na bila kusukumia mikono. Miguu iachane upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vitoke nje kidogo, visigino vibaki chini vyote, na magoti yafuate yanakoelekea vidole yasiingie ndani, hilo la magoti kuingia ndani ndilo ninalolirekebisha kuliko yote. Shuka polepole, hesabu moja mbili tatu, panda kwa nguvu. Ukiweza kumi na tano bila shida, kumbatia dumu la lita 5 kifuani uanze upya na nane. Usikimbilie uzito kabla hujaweza kushuka vizuri, lakini ukishaweza usibaki hapo, na watu wanabaki hapo miaka.

La pili ni kuinama na kunyanyua, na hili nalipenda kuliko yote kwa sababu ndilo linalookoa migongo. Angalia tunavyofagia uwanja na fagio la chelewa, mgongo umepinda kama upinde nusu saa nzima, halafu tunanyanyua ndoo kwa mgongo ule ule uliochoka, jioni kiuno kinawaka. Sasa simama, dumu mbili ubavuni au moja katikati ya miguu, peleka makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio mikono imejaa vyombo, magoti yakunjike kidogo tu, mgongo unyooke, kifua kiangalie mbele, utasikia nyuma ya mapaja panavutika. Hapo shika dumu, bana makalio, simama. Ukisikia linavuta kiuno na sio nyuma ya paja basi mgongo umepinda, punguza uzito, jaribu kujiangalia kwenye kioo kwa ubavu au mwambie mtu akurekodi kwa simu. Shepu ya nyuma ambayo watu wanainunulia vidonge na sindano za hatari inajengwa hapa, na ukishaweza dumu mbili za lita 10 kwa mkao mzuri nakuhakikishia hata kunyanyua mtungi wa gesi utaona mabadiliko.

Pushapu. Wanawake wengi wanasema siwezi, na wakijaribu chini kweli hawawezi, basi wanaacha. Anza ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, mikono usawa wa kifua, shuka mpaka pua ikaribie ukuta, sukuma, mwili wote umenyooka hakuna kubinua kiuno. Ukutani kukiwa rahisi hamia kwenye kitu cha chini zaidi, kaunta ya jikoni, meza nzito isiyosogea, baadaye ngazi ya barazani, mwisho sakafu. Kiti cha plastiki usikitumie kabisa, kinateleza, nimeona meno yakienda hivyo. Kila unaposhuka chini zaidi unakuwa umeongeza uzito bila kununua kitu.

Kuvuta, weka mkono mmoja kitandani, mgongo sambamba na sakafu, mkono mwingine unavuta dumu kuelekea kiunoni, kiwiko kipite karibu na mbavu. Ni kwa ajili ya mgongo wa juu, dawa ya mabega yaliyokunjamana kwa simu, kwa cherehani, kwa kompyuta.

Na la tano beba dumu mbili zilizojaa utembee uani, kifua juu, bila kuyumba, mpaka viganja viombe msamaha. Hapo tumbo linafanya kazi kweli, linakushikilia usipinde. Ukitaka planki, ule mkao wa kuegemea viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, ongeza, sekunde ishirini thelathini zilizokaza kweli zinatosha, haya mashindano ya dakika tano huku kiuno kimeshuka yanaumiza tu.

Mara ngapi kwa wiki? Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kuutembeza mwili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu ya misuli yote mikubwa siku mbili au zaidi. Watu wengi wameisikia ile 150, hili la pili hawalijui kabisa. Mimi napanga siku tatu zisizofuatana, Jumatatu Jumatano Ijumaa kwa mfano, kila zoezi seti mbili tatu, nane hadi kumi na tano, pumzika dakika moja na nusu au mbili katikati, usiogope kupumzika maana hapa hatufukuzani na mtu. Seti iishe wakati bado unajua ungeweza kuongeza mbili au tatu kwa mkao mzuri. Ikiisha na unaona ungeweza kuongeza kumi, uzito ni mdogo. Na kama dumu lako ndilo hilo hilo na huna jingine, endelea hadi idadi ipande, mtafiti Brad Schoenfeld na wenzake mwaka 2015 walilinganisha watu wa uzito mkubwa wa mara 8 hadi 12 na watu wa uzito mdogo wa mara 25 hadi 35, wote wakienda mpaka wanashindwa, misuli ilikua karibu sawa, ingawa wa uzito mkubwa walipata nguvu zaidi. Kwa hiyo uzito mdogo sio kisingizio, ila lazima seti iwe ngumu mwishoni. Pasha mwili kabla, dakika tano za kutembea haraka na kuzungusha mabega na seti moja nyepesi. Na andika kwenye daftari la mtoto lililobaki kurasa, tarehe, dumu gani, mara ngapi, maana bila kuandika hutajua kama umepanda.

Wiki za kwanza utasikia nguvu inaongezeka lakini kwenye kioo huoni kitu, usikate tamaa, pale mishipa ya fahamu ndiyo inajifunza kuamsha misuli uliyonayo tayari. Macho yanaanza kuona kuanzia mwezi wa pili au wa tatu hivi. Mzani unaweza usishuke kabisa huku gauni linaingia vizuri, kwa hiyo pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kuliko kupanda mzani kila asubuhi.

Chakula sasa. Misuli inajengwa kwa protini na sahani zetu nyingi ni mlima wa wali au ugali na kipande cha samaki pembeni. Sisemi muache ugali, nasema geuza uwiano. Mtu mzima wa kawaida anahitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, anayenyanyua uzito anafaidika kupanda mpaka karibu 1.6, yaani mtu wa kilo 65 ni kati ya gramu 52 na 104. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Na dagaa, hawa tunaowadharau wageni wakija, wakikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala na mifupa unapata kalsiamu juu yake. Yai mbili asubuhi badala ya chapati mbili na soda, maharage au choroko mchana, dagaa au samaki usiku, maziwa mgando, karanga za kutafuna, hakuna haja ya poda ya kopo. Usingizi wa masaa saba na kuendelea, najua wenye watoto wachanga mtanicheka, mpate mnachopata.

Umri usiwe sababu. Mwaka 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwachukua wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 90, wadhaifu, wakawapa uzito wa miguu kwa wiki nane. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na hata misuli yenyewe ilinenepa. Miaka 90! Kwa hiyo mama yako wa miaka 60 anayeshika ukuta akinyanyuka kwenye mkeka bado anafaa kuanza, muanzishie kukaa na kusimama kwenye kiti imara, mara tano, ukiwa karibu naye. Na kwa wenye sukari, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, ukiwa na misuli inayofanya kazi sukari ina pa kwenda, ila mwenye dawa za kushusha au sindano aongee na daktari wake kwanza kwa sababu inaweza kushuka kupita kiasi.

Wenye presha isiyotulia, wenye moyo, waliojifungua juzi hasa kwa upasuaji, waliofanyiwa operesheni ya tumbo, msianze dumu mpaka daktari aseme sawa, kwa sasa kutembea kunatosha. Kwa kila mtu, usibane pumzi ukinyanyua, toa hewa unapopanda, ingiza unaposhuka. Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida kwa anayeanza na inapungua siku zinavyokwenda, lakini maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, goti kuvimba, kifua kubana, kizunguzungu, acha hapo hapo uende hospitali.

Kwa wanaofunga, wakati mzuri ni saa moja au mbili baada ya futari, sio saa tisa mchana juani, na kipindi hicho shikilia uzito ulioufikia usijilazimishe kupanda.

Ukiniandikia kuuliza, niambie unatumia dumu la lita ngapi, unafikisha mara ngapi, na kama linauma linauma wapi hasa, na kama una video ya ubavuni itume pia, hapo ndio naweza kukujibu kitu cha maana.